Bidhaa Isiyopita Forodhani: Televisheni ya Intaneti Majumbani Mwetu



Katika mabaraza yetu, kuanzia Lamu hata Unguja, suala moja limekuwa likiulizwa mara kwa mara: je, Muislamu aingize nyumbani kwake televisheni hii ya intaneti, ambayo mtu hulipa ada ya mwezi kisha akatazama filamu na tamthilia azitakazo, saa aitakayo? Wako wanaojibu kwa neno moja, haramu, wakajiondokea. Na wako wanaojibu, hapana neno, nao wakajiondokea. Majibu haya mawili, ijapokuwa yanapingana, yana kasoro moja: mara nyingi hutolewa na watu ambao chombo chenyewe hawakukaa wakakitazama. Nao wanavyuoni wametufundisha kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu hicho.

Kwa sababu hiyo, mwandishi wa makala haya aliijaribu nyumbani kwake kwa mwezi mzima, katika nyumba yenye mzee, vijana na watoto wadogo. Jina la huduma hiyo halitatajwa, kwani muradi wetu si kumsema mfanyabiashara mmoja. Huduma za namna hii zimejengwa kwa mtindo mmoja, na lisemwalo juu ya moja huzifikia nyingi. Haya basi ndiyo tuliyoyaona, mazuri na mabaya.

Imetoka wapi?

Yafaa kwanza tujue asili yake. Kampuni iliyo mashuhuri kuliko zote katika biashara hii ni Netflix ya Marekani. Ilianzishwa mwaka 1997 katika jimbo la California, na kazi yake wakati huo ilikuwa ni kukodisha filamu kwa posta: mteja huagiza, nayo sahani ya DVD ikamfikia ndani ya bahasha. Mwaka 2007 ndipo ilipoanza kupeleka filamu kwa njia ya intaneti, na Januari 2016 ikafungua milango yake katika nchi mpya zaidi ya 130 kwa siku moja, Kenya na Tanzania zikiwamo. Leo ziko nyingine nyingi, za Marekani, za Kiarabu, za Kihindi na za Afrika yetu.

Huku kwetu jambo hili lisingekuwa jepesi lau si nyaya za chini ya bahari. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti ambayo kabla ya hapo ilitujia kwa setilaiti, polepole na kwa bei kubwa, ikaanza kuja kwa wingi na kwa kasi. Tazama basi, ndugu msomaji: bidhaa hii nayo imetufikia kwa bahari, kama zilivyotufikia tende, mazulia na masanduku ya njumu. Lakini iko tofauti moja. Shehena ya jahazi ilikuwa ikishushwa forodhani, ikafunguliwa, ikatazamwa, ndipo ikaingia mjini. Shehena hii haipiti forodhani. Yatoka chini ya bahari moja kwa moja mpaka chumbani kwa mtoto.

Walinzi wa zamani

Picha za sinema si jambo geni pwani. Wazee wetu walizijua, na filamu za Kihindi zilipendwa sana Unguja na Mombasa. Hatusemi kuwa yote yaliyoonyeshwa yalikuwa mema. Walikuwako waliolalamika, na walikuwa na haki. Lakini sinema ilikuwa na walinzi wake. Serikali ilikuwa na watu wa kukagua filamu. Mwenye jumba la sinema aliwajua wateja wake, na huko Unguja yalikuwako maonyesho ya wanawake peke yao, ili mabibi waende na kurudi na heshima zao. Jirani alimwona mtoto wa jirani yake kwenye foleni ya tikiti, na habari ikafika nyumbani kabla ya mtoto. Na filamu ilipokwisha taa ziliwashwa, watu wakatoka.

Ikaja televisheni: Kenya mwaka 1962, na Zanzibar mwaka 1973, tena ya rangi, ilhali Tanzania Bara ilingoja hata miaka ya 1990. Nayo ilikuwa na kikomo chake. Usiku ukishakuwa mkubwa kituo kilifunga, ukapigwa wimbo wa taifa, na kioo kikabaki kitupu. Hata yule asiyetaka kulala hakuwa na la kutazama. Kisha ikaja mikanda ya video, na hapo walinzi wakaanza kupungua, kwani mkanda huazimwa ukapitishwa chini ya kanzu, na mkaguzi asijue.

Televisheni ya intaneti imewaondoa karibu wote waliobakia. Hapana mwenye jumba la sinema, hapana jirani kwenye foleni, hapana wimbo wa kufunga. Kazi yao yote imemwangukia mtu mmoja, naye ni mwenye nyumba. Hili ndilo tunalotaka ulishike, ndugu msomaji, hata kama mengine yote utayasahau: chombo hiki hakikuleta maovu mapya kwa wingi kama kilivyowaondoa walinzi wa zamani. Baba na mama ambao jana walikuwa na wasaidizi kumi katika ulinzi, leo wako peke yao mlangoni, na aghalabu hawajui kuwa wenzao wameshaondoka.

Mazuri tuliyoyaona

Insafu yataka tuanze na mazuri, nayo yako.

La kwanza ni kuwa chombo hiki chasimama ukikisimamisha. Televisheni ya zamani haikumngoja mtu. Taarifa ya habari au mpira ulipogongana na adhana ya Magharibi, ni nyumba ngapi zilizochelewesha sala, mmoja akimwambia mwenziwe, "Ngoja kidogo, karibu wamalize"? Hii hubonyezwa rimoti mara moja ikasimama. Mtu akaenda akatawadha, akasali kwa utulivu, akaleta na nyiradi zake, akarudi akaikuta palepale. Basi anayeichelewesha sala kwa ajili ya televisheni ya intaneti hana hata ule udhuru dhaifu waliokuwa nao wa zamani.

La pili ni kuwa hiyo tuliyoijaribu haikuwa na matangazo ya biashara. Watoto hawakukatiziwa kipindi ili waitwe kwenye kamari ya mpira au waonyeshwe chupa ya pombe.

La tatu ni elimu. Zimo filamu za nyota, za milima na za viumbe vya baharini ambazo hapana mwenye akili atakayezidharau. Mzee wa nyumba yetu, aliyevua samaki katika ujana wake, alikaa na wajukuu akitazama maisha ya chini ya bahari, huku akileta Subhanallah, akiwatajia huyu changu, huyu kolekole, huyu taa. Siku hiyo chombo kilikuwa darasa. Lakini angalia ni nini kilichokifanya darasa: ni mzee aliyekuwa amekaa hapo. Bila ya yeye ingekuwa ni rangi nzuri zinazopita tu.

Mizani ni ya nani?

Sasa tuje kwenye ulinzi. Huduma hizi hudai kuwa zina kufuli ya watoto, na ni kweli zinayo. Filamu hupangwa kwa umri, kama miaka 7, 13, 16 na 18, na mzazi humfungulia mtoto ukurasa wake wenye mpaka. Tulimfungulia mtoto wa miaka minane, kisha tukakaa naye. Kufuli ilifanya kazi yake: picha za uchi na za damu hazikupita.

Lakini tujiulize, mizani hiyo yapima nini? Yapima damu, uchi, matusi na dawa za kulevya. Haipimi mtoto kumjibu babake kwa kejeli. Haipimi uchawi uliopambwa ukawa mchezo wa kupendeza. Haipimi mvulana na msichana wadogo wakifundishwa kuwa ni aibu kutokuwa na mpenzi. Katika katuni tulizotazama tulimkuta mara kwa mara baba aliye mpumbavu wa nyumba, mama asiyesikilizwa, na mtoto ambaye peke yake ndiye mwenye akili. Bibi na babu ni nadra kuwaona, na wakionekana huwa ni wa kuchekwa. Hakuna kufuli inayozuia haya, kwa sababu waliotengeneza kufuli hawayahesabu kuwa ni madhara. Mtoto anayekaa chuoni saa moja na mbele ya kioo saa tatu, ndugu msomaji, mwalimu wake ni nani?

Na liko jambo lingine juu ya mizani hiyo ambalo latuhusu sisi watu wazima. Kupanga filamu kwa umri kwamnong'oneza mtu kuwa akishafika miaka 18 basi kila kitu ni chake. Sheria yetu haisemi hivyo. Uchi ulio haramu kutazamwa na kijana wa miaka 17 haumhalalikii babake wa miaka 50. Amri ya kuinamisha macho katika Sura ya An-Nur wameelekezewa wanaume waumini, kisha wanawake waumini. Haikuelekezwa kwa watoto. Baba anayemfungia mwanawe kwa nambari ya siri, kisha watu wakishalala akajifungulia yeye mwenyewe, hakuilinda nyumba. Amefukuza mwizi mdogo akamkaribisha mkubwa.

Hadithi zinazosimuliwa humo

Tukiacha yaliyo haramu waziwazi, ziko hadithi zenyewe. Katika hadithi hizi Muislamu yuko wapi? Jack Shaheen, mtaalamu wa Marekani mwenye asili ya Kiarabu, alizichungua filamu zaidi ya 900 katika kitabu chake cha mwaka 2001, akaonyesha jinsi Waarabu walivyotiwa sura ya ubaya kwa miaka mingi. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Southern California kilitoa uchunguzi wa filamu 200 zilizopendwa sana kati ya 2017 na 2019, za Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Katika watu karibu 9,000 waliozungumza ndani ya filamu hizo, Waislamu walikuwa asilimia 1.6 tu. Hizo zilikuwa filamu za majumba ya sinema, lakini filamu kama hizo ndizo zinazojaza maghala ya televisheni ya intaneti.

Katika mwezi wetu tuliyaona hayo kwa macho. Muislamu wa filamu za magharibi aghalabu ni mmoja kati ya wawili: mwanamume mwenye ndevu na bomu, au msichana anayehesabiwa kuwa amekombolewa siku anapovua mtandio wake. Muislamu anayeuza duka lake kwa haki, anayemwuguza mamake, anayegombana na mkewe kisha wakasuluhishwa na wazee, huyo tulimtafuta sana. Binti zetu wakiitazama sura hiyo ya kwao iliyopotolewa, mwaka baada ya mwaka, watajionea haya kwa yale yaliyo fahari yao.

Wala si magharibi peke yake. Septemba 2021 ilitoka tamthilia ya Korea Kusini iitwayo Squid Game, yenye sehemu 9, ambamo watu wenye madeni huchezeshwa michezo ya kitoto, na anayeshindwa huuawa. Haikutengenezwa kwa watoto. Ndani yake limo onyo la haki juu ya deni na tamaa ya mali, na mtu mzima mwenye kufikiri aweza kulichukua. Lakini katika mwezi uliofuata, huko Uingereza wazazi walionywa kuwa watoto wadogo walikuwa wakiiga michezo hiyo viwanjani mwa shule. Onyo walilikosa, mauaji wakayachukua. Ukaona, msomaji, jinsi kufuli ya umri ilivyo nyepesi pale ambapo watu wazima hawasimami nyuma yake.

Si kwamba pwani haina visa vyake. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilifanywa filamu ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, na ulimwengu ukaiona Unguja ya miaka ya 1950 ikisema Kiswahili chake. Mtu aweza kuwa na maneno yake juu ya baadhi ya yaliyomo, nasi tunayo. Hata hivyo imethibiti kuwa visa vyetu vyaweza kusimuliwa kwa lugha yetu vikatazamwa mbali. Vijana wetu wenye kamera na dini, mnangoja nini?

Kisicho na mwisho

Katika yote tuliyoyaona, lililotushughulisha zaidi ni hili: chombo hiki hakina mwisho. Sehemu moja ya tamthilia ikikwisha, huhesabiwa sekunde chache, na inayofuata hujianza yenyewe. Hukuombwa ruhusa. Zamani ilimbidi mtu afanye kazi ili aendelee kutazama. Sasa imembidi afanye kazi ili aache. Na kila sehemu hukatwa pale roho inapokuwa juu, ili mkono usifike kwenye rimoti.

Usidhani kuwa hili limetokea kwa bahati. Mwaka 2017 Reed Hastings, mkuu wa Netflix wakati huo, aliwaeleza wawekezaji kuwa kampuni yake yashindana na usingizi wa watu. Alisema kwa mzaha, lakini ni mzaha wa mfanyabiashara aijuaye biashara yake. Ile Squid Game katika siku zake 28 za mwanzo ilitazamwa kwa jumla ya saa bilioni 1.65, yaani zaidi ya miaka 188,000 ya umri wa wanadamu, kwa hadithi moja, katika muda usiotimia mwezi.

Sasa liweke hilo mbele ya mwendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa hakupenda kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake. Wanavyuoni wameeleza sababu: akeshaye kwa upuuzi huiweka Alfajiri yake katika hatari. Kwa kampuni usingizi ni mshindani. Kwa Muislamu usingizi ni daraja la kumvusha kwenye Alfajiri. Anayeshindana na usingizi wako, ajue asijue, anashindana na sala yako. Katika nyumba yetu, juma la pili la majaribio, mwangaza wa buluu ulikuwa ukionekana chini ya mlango wa vijana hata saa nane za usiku, na kuwaamsha Alfajiri ikawa kazi ya watu wawili. Vijana hao si wabaya. Wamewekewa mbele yao kitu kilichotengenezwa na mafundi hodari ili kisiachike.

Nyumba iliyogawanyika

Kuna jambo jingine lililo kimya. Televisheni moja ukumbini ilileta ugomvi, kila mtu akitaka kipindi chake, lakini iliwaweka pamoja. Mama alisema "Zima hiyo!" na ikazimwa mbele ya wote. Huduma hii humpa kila mtu ukurasa wake, hukumbuka alichotazama, kisha humpangia vingine vya namna ileile. Baada ya mwezi mmoja ukurasa wa kila mtu ulikuwa umekwenda njia yake, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na waya masikioni, watu wa nyumba moja wakila sahani moja bila ya kuwa na kisa kimoja cha kuzungumza.

Na mali je? Saa moja ya picha ya kawaida hula bando hata kufikia GB 1, na picha safi hufikia GB 3. Usiku mmoja wa saa tatu ni GB 9, ukizidisha kwa vijana wawili ni 18. Hesabu mwenyewe, kisha uulize ada ya chuo ya mtoto imelipwa lini mara ya mwisho. Israfu haiko katika chakula peke yake.

Basi tufanyeje?

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza watu wa pwani wachukue elimu ya wageni yenye manufaa na waache kuwaiga katika upuuzi. Rai hiyo haijachakaa. Chombo hufuata hukumu ya makusudio yake. Aliye na nyumba isiyo na mlinzi, asiingize chombo hiki. Kwake kukizuia ndiyo salama, wala asichekwe. Aliyekwisha kukiingiza, au anayetaka kukiingiza, na awe yeye ndiye forodha. Tulilofanya katika juma la tatu na la nne, tukaona faida yake, ni haya:

Kwanza, kioo kikae ukumbini, wala kisiingie vyumbani wala kwenye simu za watoto.

Pili, zima ule mwendo wa kujianza wenyewe. Netflix, kwa mfano, imeweka mahali pa kuuzima katika mipangilio, na tangu mwaka 2020 mzazi aweza kuufunga ukurasa wake kwa nambari ya siri na kuizuia filamu moja moja kwa jina. Jifunze hayo, mama na baba, hata kama ni kwa kumwuliza mpwa wako. Si aibu kuuliza. Aibu ni mtoto kuujua mlango wa nyumba yako kuliko wewe.

Tatu, baada ya Isha pasiwe na kutazama, isipokuwa usiku mmoja wa juma ambao nyumba nzima mtakaa pamoja.

Nne, mtoto asitazame peke yake asichokitazama mkubwa kwanza. Na mkikaa, mzungumze: huyu amekosa nini? Mtume wetu angependa hili?

Tano, mwezi wa Ramadhani ada isilipwe kabisa. Nyumba itajifunza kuwa yaweza kuishi bila ya kitu hicho.

Baada ya kuyashika manne ya mwanzo, ule mwangaza chini ya mlango ulikoma. Vijana walinung'unika siku chache, kisha wakanyamaza, na kaka mkubwa ndiye sasa anayewaamsha wenziwe. Hatusemi kuwa vita vimekwisha. Twasema kuwa mlinzi akisimama, hujulikana kuwa amesimama.

Ndugu msomaji, kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo hataulizwa mwenye kampuni aliye California juu ya mwanao. Utaulizwa wewe. Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuona kinachoingia majumbani mwetu, na nguvu za kukirudisha kisichofaa, na awahifadhi watoto wetu kwa rehema zake. Amin.

Wabillahi tawfiq.